Kurasa Zilizogandana

Kwa miaka thelathini na mmoja Hosiana alikuwa macho ya mumewe kwenye kila kilichoandikwa. Alimsomea barua zama zile watu walipokuwa bado wanaandikiana, akamsomea matangazo ya serikali ya kijiji na maelezo ya dawa, na simu zilipoingia akamsomea ujumbe, hata ule wa kumsuta. Mumewe, Festo Ngassa, alikuwa fundi baiskeli pale Kagongwa, jirani na mashine za kukoboa mpunga ambako Hosiana mwenyewe aliuza mchele. Tangu uchumba alimwambia kwamba shule aliishia darasa la pili, herufi zikamshinda, naye asingependa jambo hilo lizungumzwe mbele za watu. Hosiana akalitunza. Siku ya ndoa yao Festo alitia dole gumba kwenye cheti, na padri akampa leso yake afute wino.

Hosiana alipenda kusoma kama wengine wanavyopenda ugoro. Kwa hiyo Mwalimu Pantaleo, mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wa mji ule, alipoanzisha kikundi cha wasomaji, Hosiana alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Walikutana Jumamosi saa tisa alasiri katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la Agatha. Walikuwa watu sita, na walikuwa na sharti moja la ajabu. Kila baada ya miezi mitatu mmoja wao alichagua mwaka, na mpaka miezi hiyo iishe walisoma vitabu vilivyochapwa mwaka huo tu.

"Nataka tujue watu walikuwa wanaongea nini mwaka ule," alisema Mwalimu Pantaleo. "Siyo wakubwa peke yao. Watu."

Basi wakawa wanachakura vitabu chakavu kwenye masoko ya Kahama, kwenye stoo za shule, kwenye masanduku ya marehemu. Walijifunza kufungua kwanza ukurasa wa pili, penye mwaka wa kuchapwa, kabla hata ya kusoma jina la kitabu. Muuza vitabu mmoja wa Kahama aliwazoea mpaka akawa akimwona Hosiana anatokea kwa mbali anapaza sauti, "Mama, leo tunatafuta mwaka gani?"

Zamu ya Agatha ilipofika, alichagua elfu moja mia tisa themanini na sita, mwaka aliozaliwa yeye. Alileta kitabu cha kilimo cha pamba, na hakuna aliyetegemea kwamba kingewapendeza kiasi kile. Eliya, karani wa bandari kavu ya Isaka, alileta hadithi ya upelelezi iliyochanika kurasa kumi na mbili za mwisho, wakabishana Jumamosi mbili nzima nani aliua. Hosiana alileta kitabu cha mapishi ambacho kila chakula kilitaka siagi, na wote wakakumbuka kwamba mwaka ule siagi ilikuwa ya kusikia redioni.

Mwalimu Pantaleo akaja wa mwisho, na kijitabu chembamba chenye jalada la rangi ya udongo. Alikitoa kwenye sanduku la katekista mmoja aliyefariki Bukombe. Kiliitwa *Vituko vya Nyamisiri*, na mwandishi alikuwa Marselino Ngassa.

"Mama Abel, ndugu yenu huyo!" Eliya alimtania Hosiana.

"Akina Ngassa tumejaa kutoka hapa mpaka ziwani," Hosiana akajibu. "Nikianza kuwatafuta wote sitauza mchele."

Mwalimu akasoma sura ya kwanza. Ilikuwa habari ya kijiji kimoja huko upande wa Rwamgasa, na watu wake walichorwa mmoja mmoja kwa utani mtamu. Alikuwapo mlevi aliyegombana na kivuli chake. Alikuwapo mwenyekiti aliyeogopa mbuzi. Na alikuwapo kikongwe aliyeitwa Bibi Makaa kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kama makaa ya jikoni. Mwandishi alisema bibi huyo akimtazama ng'ombe, maziwa yanaganda kabla hayajakamuliwa. Hosiana alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Agatha aliipenda sentensi ile kiasi kwamba aliinakili kwa kalamu nene na kuibandika mlangoni pa duka, wapita njia wacheke na wao.

Kitabu kilikuwa kimoja, kwa hiyo walipeana zamu ya kwenda nacho nyumbani. Wiki ya kwanza alikichukua Hosiana.

Jumapili, baada ya misa, Festo aliketi uani akinyoosha rimu ya baiskeli. Hosiana akaleta kigoda, akaweka ungo wa mchele pembeni, akafungua kitabu. Hakumwonyesha jalada, na kwa nini amwonyeshe mtu asiyejua kusoma?

"Baba Abel, leo utavunjika mbavu. Sikiliza huyu bibi alivyopelekwa zahanati."

Akaanza. Festo aliinua kichwa mara moja tu, kisha akakiinamisha tena. Hosiana alikuwa anasoma kwa madaha, akiiga sauti ya bibi na sauti ya daktari, na kwa muda mrefu hakusikia koleo likigonga chuma. Alidhani mumewe amenogewa. Akafika mahali ambapo daktari anamwambia bibi kwamba moshi wa kinyesi cha ng'ombe ndio unaomharibu macho. Bibi Makaa akasimama, akajifunga kanga, akasema... Hosiana akageuza ukurasa, akaendelea, "...na mbuzi wawili wakatangulia njiani."

"Umeruka," alisema Festo.

"Nimeruka nini?"

"Bibi anasema, 'Macho haya yamepikia watu kumi na mmoja, nani kati yenu atakayeyalipa?' Halafu daktari anavua miwani. Halafu ndiyo mbuzi."

Hosiana alishusha kitabu mapajani. Festo naye alitulia na koleo mkononi, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na anasubiri ajue kama ni nyoka.

"Wewe umejuaje?"

"Nimebahatisha."

Hosiana akakitazama kitabu. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu wa miaka. Aliinuka, akaenda jikoni, akazishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka zikalegea, akazitenganisha taratibu kwa kisu cha mboga. *Macho haya yamepikia watu kumi na mmoja, nani kati yenu atakayeyalipa?* Neno kwa neno. Chini yake daktari akavua miwani.

Kurasa hizo hazikuwa zimefunguliwa na mtu kwa miaka mingi, naye mtu pekee aliyejua kilichomo alikuwa uani kwake, mwenye grisi mpaka viwikoni, mtu ambaye wiki iliyopita tu alimletea simu amsomee ujumbe wa salio.

Alirudi uani. "Marselino Ngassa ni nani?"

Festo aliweka rimu chini. "Marselino ni jina langu la ubatizo," alisema. "Festo nililipata kipaimara."

"Unajua kusoma."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Nilikuwa mwalimu, Mama Abel. Nilifundisha miaka mitatu."

Hosiana aliketi, lakini kigoda hakikuwa pale alipodhani kipo, akajikuta chini kwenye vumbi. Hakujali. Akili ilikuwa inakimbia nyuma, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayepekua nyumba baada ya kuibiwa. Alimkumbuka Abel, mwana wao, alipokuwa mdogo akimfundisha babaye kuandika jina kwenye mchanga, na Festo akikosea makusudi. Kisha akakumbuka jambo jingine.

"Ile barua ya dada Martina," alisema polepole.

Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa yao. Martina, dada yake, alimwandikia kutoka Mwanza amwache yule fundi mbumbumbu, kuna mwanamume mwenye kazi ya maana anamtaka. Jioni ile Festo aliuliza dada anasemaje, na Hosiana akamsomea barua nyingine kabisa aliyoitunga palepale: salamu, mvua, mtoto wa jirani kavunjika mkono. Kwa wiki tatu Hosiana alikuwa anawaza kwenda.

"Ulikuwa umeiweka chini ya godoro," alisema Festo. "Niliisoma."

"Hukusema kitu!"

"Ningesemaje? Sikujua kusoma."

Mahali pengine na siku nyingine jibu lile lingewachekesha wote wawili. Hosiana alimtazama tu. Mtu aliyekaa naye miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa usiku wote wa wiki zile tatu akijua, akala ugali wake, akanyamaza.

"Kwa nini?" aliuliza. "Nieleze kwa nini, la sivyo leo silali humu."

Festo alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na alipoanza kusema hakumtazama.

Nyamisiri ndiko alikozaliwa, alisema, kijiji ambacho hakuwahi kumtajia mkewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, anajiona ameelimika kuliko wazee wote. Akaandika habari za majirani zake kwa mzaha. Alibadilisha majina, lakini kila mtu pale alijijua. Mlevi alifurahi. Mwenyekiti alinuna wiki moja. Wanafunzi wakasoma darasani, wakashika sentensi ile ya maziwa, wakaifanya wimbo. Bibi Makaa, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Kabula, alipokwenda kisimani watoto walimfuata wakiimba. Mwanzoni na yeye alicheka.

"Mwaka uliofuata ng'ombe wakafa," alisema Festo. "Ugonjwa tu, wakafa vijiji vyote. Lakini watu wakasema ni uchawi, na walikuwa wameshaambiwa ni macho ya nani. Walikuja na mapanga alfajiri. Mimi nilifika kumekucha."

Hakueleza alichokiona, wala Hosiana hakumuuliza.

"Alikuwa ananipa maziwa nikiwa mdogo," Festo aliongeza. "Mtu mmoja akaniambia siku ya mazishi, 'Mwalimu, uliliona mapema kuliko sisi.' Akanipa mkono kunipongeza. Nikaondoka kabla ya udongo kujaa kaburini. Nikaapa sitaandika tena wala kusoma. Nilipofika hapa Kagongwa nikasema sijui, na ilikuwa rahisi, watu wakaamini."

Siku zilizofuata Hosiana alikuwa mtu wa kuuliza swali na kuondoka kabla ya jibu. Alipima mchele akakosea, akampa mteja gunia ambalo si lake. Hasira ya kudanganywa ilikuwapo, lakini kilichomkosesha chakula kilikuwa kicheko chake mwenyewe. Alijisikia akicheka kwenye chumba kile cha nyuma, ameshika ukuta. Kila alipojaribu kusali kicheko kile kilimtangulia.

Ijumaa alimuuliza mumewe, "Niwaambie wenzangu, au hutaki?"

"Waambie," alisema Festo.

Jumamosi, kabla hajaingia ndani, Hosiana aliiona karatasi mlangoni. Ilikuwa imepigwa na jua wiki nzima na herufi zake nene zilikuwa bado zinasomeka toka barabarani. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki, mmoja wao akamwambia kikongwe aliyepita na kapu la nyanya, "Bibi, usiniangalie, maziwa yangu yataganda!" Wakacheka. Yule kikongwe naye alitabasamu bila kuelewa, akapita na njia yake.

Hosiana aliing'oa karatasi ile kwa kucha. Aliingia nayo ndani imekunjamana mkononi, akaanza kusimulia akiwa bado amesimama.

Alipomaliza aliiweka karatasi mezani. Agatha alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Eliya alisema, "Lakini sisi tulicheka tu," kisha akasikia alichosema. Mwalimu Pantaleo alikigeuza kijitabu juu chini kana kwamba anatafuta mahali pa kukiweka.

"Huyo bibi alikuwa na watoto?" aliuliza mwishowe.

"Binti mmoja. Limi."

"Yuko hai?"

Hosiana hakujua. Kwa wiki nzima hakuwa ameuliza, na alipomuuliza Festo jioni ile, ikaonekana kwamba Festo naye kwa miaka thelathini na saba hakuwahi kuuliza.

Hosiana na Festo walikwenda wiki mbili baadaye. Abel alipata habari kwa dereva mmoja wa malori aliyetokea huko, kwamba Limi yupo, anapikia wachimbaji. Walipanda basi mpaka Katoro, wakachukua bodaboda, na njia nzima Festo alishika kijitabu kile ndani ya mfuko wa nailoni. Nyamisiri hakuitambua. Mahali palipokuwa na malisho pamekuwa na maduara ya dhahabu, mashimo yaliyozungushiwa magogo na maturubai, na makarasha ya kusaga mawe yalinguruma kiasi kwamba watu waliongea kwa kupiga kelele.

Kibanda cha Limi kilikuwa pembeni, chenye mafiga matatu na sufuria kubwa ya maharage. Mwanamke wa miaka zaidi ya sitini aliinua uso kutoka kwenye moshi, na Hosiana akarudi hatua nyuma bila kutaka. Macho yalikuwa mekundu kabisa.

"Mwadila, mayu," alisema Festo, salamu ya alasiri ya Kisukuma.

Yule mama hakuitikia. "Marselino," alisema. "Hata mazishi hukuyamaliza."

Akawapa benchi. Festo akaongea hapohapo, mbele ya maharage yanayochemka, akaeleza yote bila kujitetea. Hosiana alitegemea kilio, au mwiko wa kichwani. Limi aliinamisha sikio kwa ajili ya kelele za makarasha, na Festo alipomaliza akauliza, "Kitabu gani?"

"Nilichoandika. Habari za mama yako."

"Mimi sikusoma. Sikujua kuna kitabu." Alikoroga sufuria. "Waliomuua mama walitaka shamba. Shemeji yake alilima msimu uleule, hata kaburi halijaota majani. Kila mtu alijua."

Hosiana aliona uso wa Festo ukijaribu kuamua kama anachosikia ni nafuu. Miaka yote ile ya kujifanya kipofu, na binti wa marehemu hakujua hata kama kitabu kilikuwapo!

"Kinasemaje?" aliuliza Limi. "Nisomee."

Festo akafungua mfuko wa nailoni. Ndipo Hosiana, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamsikia mumewe akisoma. Ilikuwa sauti asiyoijua, sauti ya mwalimu, iliyonyooka, yenye kupumzika kwenye kila nukta. Alisoma habari ya zahanati. Limi aliacha kukoroga. Kwenye maneno ya watu kumi na mmoja alitikisa kichwa mara mbili.

"Hilo alilisema kweli. Nilikuwepo. Na daktari alivua miwani. Endelea."

Festo akarudi sura ya kwanza. Alipokaribia sentensi ile ya maziwa alisita.

"Soma," alisema Limi.

Akaisoma.

Limi alifunika sufuria. "Hilo hakulisema mtu," alisema. "Hilo umelitunga."

"Nimelitunga mimi."

"Waliliimba njiani. Nilidhani ni utoto wa watoto." Alikaa juu ya kuni, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Shemeji yake alitaka shamba miaka minne, Marselino. Miaka minne hakuna aliyemfuata. Ulipokuja ule wimbo, wakamfuata."

Festo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kitabu. Hosiana alitaka kumshika bega, kisha akaona si haki yake kumliwaza mbele ya mama yule, akauacha mkono wake mapajani.

Wachimbaji wakaanza kufika kwa chakula, watu wanne waliopakwa udongo mweupe toka kichwani, wanapiga kelele wakitaka maharage. Limi aliinuka akawapakulia. Akapakua na sahani mbili zaidi, akaziweka kwenye benchi bila kuwaangalia Festo na mkewe.

"Kuleni. Mna safari."

Kitabu alikikataa. Alichotaka ni namba ya simu, naye Festo akaiandika mwenyewe kwenye kipande cha boksi, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni ambao Hosiana aliutazama kwa uchungu na kwa mshangao.

Kikundi cha Kagongwa kilimaliza mwaka themanini na sita kabla ya wakati na kuhamia tisini na nne. Mwalimu Pantaleo alimkaribisha Festo, Festo akakataa kwa adabu. Siku hizi anasoma ujumbe wake mwenyewe. Hosiana bado anashtuka kila anapomkuta amesimama mbele ya gazeti lililofungia misumari, midomo inacheza, na zipo siku hasira inamrudia kama homa, akahama na godoro lake kwenda stoo ya mchele. Asubuhi anarudi. Barua ya Martina hawajaizungumza tena.

Mwezi wa kumi na mbili Limi alipiga simu. Alisema kitabu kile kina mambo machache mno ya mama yake, na wote waliomjua wameshakufa isipokuwa wao wawili. Alitaka kuambiwa mengine: alivyokuwa akiita ndama, alichoimba akitwanga, alivyomkaripia Marselino alipokuwa mtoto. Festo alitoka uani na simu sikioni, akaketi juu ya tairi, akaanza kueleza kwa Kisukuma. Hosiana alikuwa anapeta mchele. Alipeta gunia zima, akaanza la pili, na mumewe alikuwa bado anasema.